Nani Alisawazisha Matuta ya Ondieki

Ogembo,
12 Januari 2025

Mdogo wangu Ochoki,

Salamu katika jina la Bwana. Huku tupo, wengine wazima, wengine wanajikongoja. Shangazi Nyakerario hawezi tena kwenda kanisani kwa miguu. Anabebwa kwa boda boda na kupiga kelele njia nzima kwamba dereva anataka kumzika kabla ya siku zake. Majani chai yalikuwa machache Desemba, sasa yanachipuka. Natumai mkeo Margret na watoto hawajambo huko Voi, na kwamba funguo za ghala la mkonge bado ziko mkononi mwako.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu umeifungia. Naandika kwa Kiswahili, si Ekegusii, kwa sababu karatasi hii itaingia kwenye faili, na afisa mwenye faili ametoka upande wa ziwani.

Mlima bado unateremka. Tangu mama yetu afunikwe na udongo Mei iliyopita, kila mvua inachukua kipande. Migomba mitano ya juu sasa iko chini, imesimama kwa jirani Machogu kana kwamba ilipandwa huko. Oktoba, kwenye baraza, chifu alitangaza kwamba kuna mpango wa serikali wa kuhifadhi udongo, na mkopo wa riba ndogo kwa wakulima watakaokubali. Hakusema unapatikana wapi. Nimeutafuta miezi mitatu. Ofisi ya kwanza waliniambia niende Kisii. Kisii nikaambiwa wao ni watu wa maji, niende kwa watu wa miti. Watu wa miti wakauliza kama nina kikundi. Nikatafuta kikundi, kikundi kikaniuliza kama nina hati ya shamba. Nilienda hadi Nyamira kwa shemeji zangu wa zamani, kwa sababu nilisikia huko wameshapata. Walinicheka, lakini walinipa jina: Pam Okeyo.

Pam ndiye afisa wa mpango, msichana wa miaka ishirini na kitu, anavaa gambuti kubwa kuliko miguu yake. Alikuja mwenyewe, akapanda mlima wote, akakaa chini juu ya jiwe na kuniambia, "Mama, hili shamba linaweza kupona." Watapima, watatoa mbegu ya nyasi, mianzi na miche ya parachichi, na kutufundisha kuchimba matuta. Baadaye unakuja mkopo, wa ng'ombe na tangi la maji. Lakini hati bado ina jina la Tata, baba yetu Ondieki, na Tata yuko kaburini. Kwa mkopo wanataka saini za warithi wote, yaani mimi na wewe. Tena mikaratusi yako iliyo kando ya kijito lazima ing'olewe.

Fomu iko ndani ya bahasha. Mwisho ni tarehe 30 Aprili. Tia saini uirudishe kwa basi.

Dada yako,
Mong'ina


Voi,
20 Februari 2025

Dada Mong'ina,

Nimepokea barua yako na salamu zako. Sisi hatujambo. Margret anakusalimu. Kifungua mimba wangu Mitchell ameanza chuo, kwa hiyo usinisimulie habari za kujikongoja. Huku joto ni kali na mkonge hauna likizo.

Umesema ukweli mmoja tu: hati ina jina la Tata. Haina jina lako. Wewe uliolewa Nyamira. Ng'ombe walikuja, tukawala, na Tata akakupa baraka zake. Kwamba uliacha nyumba ya mume ukarudi na sanduku si jambo linalobadilisha mpaka wa shamba. Nilikuacha ukae pale kwa sababu Mama alihitaji mtu. Mama hayupo tena. Sasa unakaa pale kwa sababu gani?

Umeniandikia kurasa mbili za serikali na ofisi zake kama mtu aliyegundua dini mpya. Mimi nimefanya kazi na watu wa ofisi miaka kumi na tisa. Serikali haitoi mche bure. Leo ni nyasi, kesho ni mkopo, keshokutwa shamba liko kwenye gazeti linapigwa mnada. Sitatia saini.

Mikaratusi ni yangu. Niliipanda kwa mikono yangu na ndiyo itakayomsomesha Mitchell. Anayeigusa amenigusa mimi.

Na huyo msichana wa gambuti mwambie kwamba mlima haukuteremka kwa sababu ya Ochoki. Mwaka jana mvua ilinyesha nchi nzima, na watu walizikwa hata mahali ambapo Ochoki hajawahi kufika. Mungu ndiye aliyeleta mvua. Mtu aliyekuwa nyumbani siku hiyo ndiye wa kuulizwa, si aliyekuwa Voi.

Mdogo wako, kama unavyopenda kunikumbusha,
J. Ochoki Ondieki


Ogembo,
9 Machi 2025

Ochoki,

Salamu. Shangazi ameugua homa akapona. Nilipomwambia umejibu alifurahi, nilipomsomea aliomba maji.

Sasa nisikilize. Mimi sikuandika popote kwamba mlima uliteremka kwa sababu yako. Rudia barua yangu, itafute hiyo sentensi. Umejibu jambo ambalo hakuna aliyekuuliza.

Lakini kwa kuwa umelileta, tulizungumze. Ile fomu ina swali la kumi na moja: je, shamba lilikuwa na matuta, na kama yaliondolewa, yaliondolewa lini na nani? Pam alikuja Jumanne na kamba yake na vigingi. Alipofika juu ya pale ilipokuwa nyumba ya chini, ile aliyolala Mama, alisimama. Akapiga jembe mara tatu, akaona mawe yamepangwa mstari chini ya udongo. Akaenda hatua ishirini, akaona mstari mwingine. Akaniuliza, "Mama, hapa palikuwa na matuta ya fanya juu. Ya mtu aliyejua kazi. Nani aliyasawazisha?"

Nikamwambia sijui.

Nina miaka hamsini na nne, mimi ni shemasi wa kanisa, na nilimdanganya mtoto wa watu mchana kweupe ili kukufunikia. Alinitazama tu, akaendelea kufunga kamba. Swali la kumi na moja bado liko wazi. Lijaze wewe. Unajua kuandika, hata umesaini kwa majina matatu.

Kuhusu ndoa yangu: niliondoka Nyamira na jino moja pungufu, na wewe ndiye uliyelipeleka suala hilo kwa wazee ukarudi ukisema nivumilie. Tata ndiye aliyeniambia rudi. Sanduku unalolicheka alilibeba yeye kichwani, kutoka stendi mpaka mlangoni. Ulikuwepo. Katiba nayo inasema binti ni mrithi. Kama huiamini, muulize wakili yeyote wa hapo Voi.

Pam amenieleza kwamba sehemu ya kuhifadhi udongo naweza kuanza bila wewe, kwa kuwa ninaishi hapa, nikipata barua ya chifu na majirani wawili wa kunishuhudia. Mkopo ndio hauwezekani bila saini yako. Kwa hiyo matuta yatachimbwa. Ng'ombe na tangi viko mkononi mwako. Nimechoka kuteka maji kwenye kijito kinachokauka kwa sababu ya miti yako.

Mong'ina


Voi,
2 Aprili 2025

Mong'ina,

Tuko wazima. Salamu kwa Shangazi.

Sikukuandikia ili tubishane habari za wazee na meno. Nakuarifu hivi. Nimezungumza na binamu yetu Onyancha. Yeye ndiye macho yangu hapo kuanzia leo. Amepewa ruhusa ya kumzuia mtu yeyote atakayeingia shamba la Ondieki na kamba, kigingi au jembe la serikali. Nimemwandikia chifu pia. Nimemweleza kwamba kuna mwanamke anayejiita mrithi ilhali shauri la urithi halijafunguliwa mahakamani.

Kuhusu swali la kumi na moja: shamba ni la kwetu, na mwanamume hufanya kwake anachoona kinafaa. Mawe ya Tata yalikuwa yamezeeka. Hakuna anayeweza kuthibitisha lolote.

Ukitaka vita, umevipata. Na nikiitwa mbele ya chifu, nitauliza swali moja tu, ulijibu wewe: Mama alikuwa akilala chumba cha nyumba ya chini kwa nini, wakati nyumba ya juu ilikuwa na vitanda viwili na wewe uko peke yako?

J. O. Ondieki


Ogembo,
27 Aprili 2025

Ochoki,

Shangazi yuko imara kuliko wakati wowote, utaona kwa nini.

Onyancha alikuja Jumatatu na panga. Aling'oa kila kigingi alichopigilia Pam, hamsini na kitu, akavifunga kama kuni, akavitupa mbele ya mlango wangu. Nilikuwa nikichuma chai. Majirani walinipigia mayowe nikashuka mbio. Nilipofika alisema, "Usinikasirikie mimi, Mong'ina. Nimetumwa." Nikamwambia, "Aliyekutuma hakutumwa na mtu." Akaondoka akitazama chini.

Chifu aliitisha baraza Alhamisi. Barua yako ilisomwa mbele ya watu wote, pamoja na ile sehemu ya mwanamke anayejiita mrithi. Wanaume kadhaa walitikisa kichwa kukubali. Machogu alisimama akasema yeye hataki kuingia katika ugomvi wa ndugu, lakini migomba yetu iko kwake na mvua ikija tena nyumba yake ndiyo itakayofuata.

Shangazi akaomba kusimamishwa. Walimshika huku na huku. Akasema kwa Ekegusii, na chifu akamtafsiria Pam: "Mwaka Ondieki alipochimba matuta yale, mimi ndiye niliyebeba mawe. Nilikuwa na mimba. Mke wake alichimba na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni Mong'ina. Alikuwa na miaka miwili. Aliyekuwa ndani ya kazi ile amekaa pale. Aliyeivunja hayupo hapa. Sasa niambieni mrithi ni nani."

Hakusema jina lako, Ochoki. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Chifu ameandika barua. Machogu na mama Omosa wameshuhudia. Ijumaa tulipigilia vigingi upya, na leo Jumapili watu thelathini na mmoja walikuja kwa risaga, kazi ya ujima, kama zamani, kila mtu na jembe lake. Nimewapikia mpaka mikono imevimba. Onyancha naye alikuja. Alisimama barabarani kwa muda mrefu, kisha akavua shati akaingia kwenye mtaro. Nilimpa chakula kama wengine.

Mikaratusi ya kijitoni imeangushwa kwa amri ya watu wa maji, wala si kwa amri yangu. Magogo yako yamepangwa kando ya barabara, hakuna aliyechukua hata tawi. Tuma mtu ayachukue.

Jumatano ndiyo tarehe ya mwisho ya mkopo. Barua hii itakufikia Jumatano hiyo jioni, au Alhamisi. Nilijua hivyo nilipoketi kuandika. Sikukuandikia ili kukuomba.

Kuhusu swali lako la chumba cha chini, sina la kukuambia.

Mong'ina


Voi,
30 Juni 2025

Dada,

Nimekaa na barua yako miezi miwili. Margret aliisoma kabla yangu na hajanisemesha vizuri tangu hapo.

Onyancha alinitumia picha za mlima. Magogo nimemwuzia mtu wa Tabaka mwenye tanuri. Picha moja imeonyesha mtaro wa juu ukiwa wazi, na mawe ya Tata yametoka yamekaa vilevile. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Andika kwenye swali la kumi na moja: Agosti 2016, Ochoki. Nilikuja likizo. Tata alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Mtu anayenunua nguzo za stima aliniambia eka moja ya mikaratusi ni kama pensheni, na kwamba matuta yanapoteza nafasi na kusumbua mashine. Nikakodi tingatinga. Likafanya kazi siku moja na nusu. Miche ya mlimani haikushika, ya kijitoni tu ndiyo iliyokua.

Wiki hiyo wewe ulikuwa umesafiri kwenda mkutano wa kanisa. Hukuona lililotokea. Mama alitoka na jembe lake akasimama juu ya tuta la tatu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, hiki ndicho kinachoshikilia nyumba." Nikamwambia, "Mama, ondoka hapo, mashine inalipiwa kwa saa." Akaondoka. Alikwenda akaketi jikoni, na jioni akanipikia. Sijamweleza mtu yeyote jambo hili hadi leo, hata Margret.

Fomu yenye saini yangu iko humu ndani. Najua tarehe imepita.

Lakini usidhani barua hii ni ya kupiga magoti. Mimi nimesema langu. Swali langu liko palepale, na hukulijibu. Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo. Kwa nini Mama alikuwa chumba cha chini Jumamosi ile mlima ulipoteremka?

Ochoki


Ogembo,
14 Novemba 2025

Ochoki,

Shangazi anakula, analala, anagombana na kila mtu. Miche ya parachichi imeshika, isipokuwa sita iliyoliwa na mbuzi wa Machogu. Mianzi ya kijitoni imenifikia kiunoni.

Mvua ya wiki iliyopita ilinyesha siku nne bila kupumua. Siku ya tatu nilipanda juu nikiwa na gunia kichwani. Maji yalikuwa yamesimama ndani ya mitaro, mekundu, yametulia kama chai kwenye kikombe. Hayakuwa yakienda popote. Udongo ulikuwa pale tulipouacha. Pam naye alikuja. Alitumbukiza fimbo akapima kina, akaandika, akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Niliketi kwenye matope nikalia kama mtu aliyepigwa.

Barua yako niliiweka ndani ya Biblia miezi minne na nusu kwa sababu sikuwa na ujasiri wako. Nalisema hilo mara moja na sitalirudia.

Mama alilala chumba cha chini kwa sababu alikataa kuhama kitanda alichofia Tata. Hilo watu wote wanalijua, na hilo ndilo nililokuwa nikiwajibu. Ni kweli, lakini ni nusu. Ijumaa ile, jua likiwa karibu kuzama, aliniita. Aliniambia sakafu inatoa maji chini ya kitanda na ukuta umepasuka. Akasema, "Nimekubali sasa. Nihamishe." Nikatazama nje. Sabato ilikuwa inaingia. Nguo nilikuwa nimeshapiga pasi na chakula nimeshapika. Kitanda kile kilikuwa kizito, ningehitaji kuita wanaume wawili. Nikamwambia, "Mama, Jumapili asubuhi." Akasema sawa.

Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, anatolewa. Nimefundisha somo hilo kwa watoto miaka sita.

Jumamosi saa kumi alasiri nilikuwa kanisani, nimesimama na kwaya. Tulisikia kishindo. Tulidhani ni radi tukaendelea kuimba ubeti wa mwisho.

Hilo ndilo jibu. Wewe ulimwambia aondoke, mimi nilimwambia angoje. Usiniandikie kunifariji, na mimi sitakufariji. Sijakusamehe, wala sikuombi unisamehe. Kuna siku nikikuwaza nauma meno, na nadhani hata wewe.

Saini yako haikufaa kitu, dirisha la maombi ya mkopo lilikuwa limefungwa. Dirisha jipya linafunguliwa Januari, na utaratibu umebadilika. Hawataki tena karatasi ya basi. Wanataka warithi wote wasimame mbele ya afisa, mtu kwa mtu, na vitambulisho vyao. Ni Jumanne, tarehe 20, saa tatu asubuhi, Ogembo. Wakili wa kikundi atakuwepo pia kutufungulia shauri la urithi, kwa majina yote mawili au asifungue kabisa. Hilo ndilo sharti langu, na sina jingine.

Nyumbani kwangu sina kitanda cha kukupa. Kwa Shangazi kipo. Tutasimama pamoja, tutatia saini, na ukitaka utapanda juu uone kazi ya watu. Tukimaliza na tukakuta hatuna la kusemezana, mabasi ya pwani huondoka Kisii jioni hiyohiyo.

Mong'ina binti Ondieki